Harufu ya Petroli Njia ya Malaba

Mama alipenda kukaa upande, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja umenishika kiuno na mwingine umeshikilia kitambaa cha kichwa. Kila Jumapili nilimpeleka kanisani mjini Busia kwa skuta ya marehemu kaka yangu. Tulikuwa hatujamaliza hata mashamba ya Mundika, harufu ya petroli ikaanza kupanda. Mama akaniinamia sikioni.

“Amekuja,” akasema.

Jumapili ya kwanza sikumwelewa. Jumapili iliyofuata alisema hivyo tena, na mara hii nilimwelewa, nikaogopa.

Nilipokuwa peke yangu haikunuka. Nilikuwa karani wa kupima pamba, na juma zima nilizunguka na skuta ile kwenye maghala, jua na vumbi, bila harufu yoyote. Mama akikaa nyuma tu, inakuja. Tukifika kanisani, akishuka, nainama kutazama chini ya injini, nakuta pakavu. Nilimwambia labda ni kifuniko cha tangi. Akanijibu kwa upole, kama anayemfariji mtoto, “Wewe haji kwako. Anakuja kwangu.”

Kaka alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli ya Malaba. Skuta aliinunua ikiwa kuukuu tayari, kutoka kwa mwenye duka la vitambaa mjini aliyechoka kuisukuma. Kila Ijumaa jioni alikuja nayo nyumbani Mundika kwa mkewe, Jumapili mchana akarudi kazini. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na kijana mwenye kazi ya karani na skuta alikuwa mtu wa kutazamwa njiani.

Jumapili moja wanawake waliotoka kuchota maji walimkuta mbele kidogo ya Alupe, njia ya Malaba, ameketi chini kando ya barabara, mgongo umeegemea skuta, kofia iko mapajani. Walimsalimu. Hakuitika. Hakuwa na damu wala jeraha la kuonekana. Skuta ilikuwa imesimamishwa vizuri kwenye stendi yake. Kitu kimoja tu walichokisema wote ni kwamba nyasi za mahali pale zilinuka petroli.

Hospitalini walituambia alikuwa ameshakufa kitambo. Tulimzika kesho yake, na hakuna aliyempasua kuona kilichomuua. Lakini kijana mzima hafi ameketi kama anayengojea basi. Watu wakaanza kutafuta mkono wa mtu. Chakula chake cha mwisho kilikuwa ugali wa muhogo na samaki, na aliyekipika ni mkewe. Mama hakutamka kitu. Shangazi zangu walitamka. Matanga hayajaisha, shemeji akafunga nguo zake akarudi kwao Khunyangu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshika.

Skuta wazee wakanipa mimi.

Nilipochoka kuisikia harufu ile, niliipeleka kwa fundi mmoja mjini, Mwislamu wa makamo, karakana yake ikiwa nyuma ya maduka. Alibadilisha mpira wa kifuniko cha tangi. Alisafisha kabureta. Aliitandikia gazeti chini usiku kucha, asubuhi gazeti likawa kavu. Akaipanda mwenyewe mpaka Alupe na kurudi.

“Karani, hii haina ugonjwa,” akaniambia. “Ugonjwa uko puani mwako.”

Jumapili mama akapanda, na harufu ikaja. Jumatatu nikarudi kwa fundi na kumweleza jambo nililokuwa naona haya kulisema.

“Ukiipanda peke yako hainuki. Nikiipanda peke yangu hainuki. Nikimpakia mama, inanuka.”

Fundi akaweka spana chini. “Na mama anasemaje?”

“Anasema ni kaka.”

Midomo ya fundi ilichezacheza kwa maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akafuta mikono, akauliza, “Mimi na mama yako, mzito ni nani?”

“Wewe.”

“Basi nipakie mimi.”

Tulitoa bati la ubavu wa kulia ili injini ionekane, tukaiegemeza skuta ukutani. Fundi akapanda kiti cha nyuma, akainua miguu. Mimi nikapiga magoti vumbini nikatazama. Kwenye skuta ile tangi limefungwa kwenye mwili, chini ya kiti, na injini inaning'inia chini yake, ikipanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kati yao kuna mpira mfupi wa kupitisha petroli. Uzito wa fundi ulipoikandamiza springi, injini ikasogea juu, mpira ukajikunja, na kwenye mkunjo huo, upande wa chini usioonekana, ufa ukafunguka. Tone likatoka. Jingine likafuata. Yakaangukia upande wa kulia, juu ya chuma.

“Shuka,” nikamwambia.

Ufa ukajifumba. Injini ingekuwa ya moto, matone yale yangekauka kabla sijainama. Na mama alikuwa akiweka miguu kushoto, ndiyo maana gauni lake halikulowa hata siku moja.

Fundi alifurahi sana. Alikata mpira mpya hapo hapo, akaufunga kwa waya, akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazikumbuka zile nyasi zilizonuka petroli. Skuta haivuji ila ikiwa na watu wawili. Basi siku ile kaka hakuwa peke yake.

Sikumwambia mama. Nilikwenda Malaba.

Nilipoisimamisha skuta stesheni, makuli walikuja wote kuipapasa, maana waliijua. Wakanipa pole, wakaulizana nani aliwahi kupakiwa. Mmoja wao tu hakuja. Alikuwa mzee wa kabila la Wateso, mwenye mvi kidogo, ameketi juu ya magunia ya chumvi, ameigeuzia skuta mgongo. Niliwaacha wenzake nikaenda kukaa karibu naye.

“Mzee, ulimjua kaka yangu.”

“Nilimjua.”

“Jumapili ile ulipanda nyuma yake.”

Alilifuata kwa macho behewa moja lililokuwa likisukumwa mpaka likatupita.

“Nani amekuambia?”

Nikamweleza habari ya mpira na ufa. Alisikiliza huku akitazama mguu wake wa kulia.

“Nilikuwa natoka kwa binti yangu Alupe,” akaanza. “Kaka yako alinikuta njiani akanipakia. Tukaenda kidogo, nikasikia baridi kwa mguu. Nikashika, ni petroli, na ile injini ni moto. Mimi nimeona behewa likiungua na mtu ndani. Sikusema kitu. Niliruka.”

“Kaka akaanguka.”

“Skuta iliyumba ikamwangusha, ule usukani ukamgonga hapa.” Akagusa chini ya mbavu. “Lakini alisimama. Aliinua skuta mwenyewe. Akanicheka, akasema, mzee, ungeniambia tu nisimame. Nikamwambia twende hospitali, ile ya Alupe iko hapo nyuma. Akasema ni mshtuko tu, ngoja nipumzike. Akaniambia nenda, zamu yako itaanza. Lori lilipita nikapanda. Nilimwacha amekaa, ananipungia kofia.”

Nadhani kaka alikuwa akivuja damu tumboni, pasipoonekana. Yule mzee alisikia habari za kifo kesho yake. Alitaka kuja Mundika. Kisha akasikia kwamba familia inatafuta aliyemuua, akaogopa kwamba ni yeye.

Nilimwomba twende kwa mama. Hakukataa, ila hakukubali kuipanda skuta. Tuliiacha stesheni, tukaenda kwa basi.

Mama alimkaribisha kiti, akampa maji. Yule mzee aliishika bilauri mikononi tangu mwanzo wa maneno yake hadi mwisho bila kunywa. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa ameketi mlangoni, akauliza, “Na wewe nani alikutuma uruke?”

“Nyamaza,” mama akamwambia. Sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu aliyemzidi umri. Akamgeukia mgeni. “Rudia pale alipocheka.”

Mzee akarudia. Mama akamwomba arudie tena. Alipomaliza, mama akasema, “Kunywa maji, baba.” Mzee akanywa.

Asubuhi mama alinituma Khunyangu nikamlete mkamwana wake. Nilimkuta shemeji uani kwao anabambua njugu. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, maana sikujiona kama mtu wa kukaribishwa. Mikono yake haikuacha kubambua.

“Nimesikia, shemeji,” akasema. Baadaye akaongeza, “Unajua ule muhogo niliuloweka vizuri. Niliuloweka kama siku zote. Lakini mkisema, mkisema, nikaanza kujiambia labda sikuuloweka. Labda ni wa ule mchungu wenye sumu, na mimi nilifanya haraka. Tangu siku ile siwezi kumpikia mtu muhogo.”

Nilimwambia mama anaomba arudi.

“Mwambie mama nimemsamehe. Kurudi, hapana.” Kisha akaacha njugu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. “Alikaa pale muda gani kabla ya hao wanawake?”

Sikujua. Mzee wa stesheni aliondoka mchana, na wanawake walipita jua likianza kupoa. Katikati hapo barabara ilikuwa na watu wa kwenda na kurudi sokoni, na bila shaka wapo waliompita wakamwona kijana amepumzika kando ya skuta yake, labda wakamsalimu, labda naye akawaitikia.

Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Aliolewa tena baadaye, upande huohuo wa Khunyangu, na mama alimpelekea kuku na mtungi. Mimi niliipanda skuta ile miaka kadhaa zaidi. Kila nilipopita mbele ya Alupe na kumwona mtu ameketi kando ya njia, nilisimama. Wengi walishangaa. Nilikuwa nawauliza tu kama wanajisikia vizuri, na nilingoja mpaka wasimame ndipo niondoke.