Mkalimani Aliyeuliza Mara Moja

Muhdhar bin Zein, mjomba wa mama yangu, aliishi mtaa wa Bondeni, Mombasa, na ulimi ndio uliomlisha. Alianza forodhani akipokea mizigo, akakiokota Kiingereza papo hapo kwa makarani, kisha akachukuliwa mahakamani kuwa mkalimani. Alikuwa mtu wa maringo. Kanzu yake haikukosa pasi, na alipenda mno kuulizwa maana ya maneno.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa kesi. Alasiri barazani alilifungua mbele ya watu kama mtu anayeonyesha mali. Forodhani, alisema, kesi ni kasha la bidhaa, lile la mbao lililopigiliwa misumari. Mahakamani kesi ni daawa, yaani mashitaka. Na kwa madaktari, kesi ni mtu aliyeshikwa na maradhi.

"Binadamu mzima wamwita kasha?" akauliza Sheikhan, jirani yake mshona kofia. "Basi kamtwae kesi, umtie ndani ya kesi, ukamshitaki kesi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Muhdhar naye akacheka, maana kutaniwa kwa sababu ya elimu yake kulimpendeza.

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, tauni iliingia mjini. Daktari mmoja wa Kizungu alitaka mtu wa kupita naye nyumba hadi nyumba, na Muhdhar akapewa kazi hiyo. Daktari alisimama kizingitini, Muhdhar akapiga hodi, na wanawake wakajibu kutoka ndani, kwa kuwa mwanamume mgeni haingii. Akipatikana mgonjwa alipelekwa kwenye kambi ya kuwatenga wagonjwa, upande wa pili wa kisiwa, na matandiko yake yakachomwa moto. Wapo waliorudi wazima. Lakini hofu haina macho, na watu waliwakumbuka wale tu ambao hawakurudi.

Sasa, adabu yetu Mombasa inajulikana. Ukiulizwa hujambo, basi hujambo, hata kama roho iko kooni. Kwanza ni hatujambo, alhamdulillahi. Mtu akuulize tena, akuulize habari za watoto na za nyumbani, ndipo lililo moyoni litoke. Anayemwaga shida zake kwa swali la kwanza huonekana hana haya. Daktari hakulijua hilo, na simlaumu, nani angemwambia? Muhdhar alilijua. Siku za mwanzo aliuliza, akauliza tena kwa upole, mpaka sauti ya ndani ikavunjika: "Ah, ndugu yangu, kuna mtoto hapa hajiwezi."

Kwa wema huo mji ukamchukia. Walimwona yeye ndiye anayeleta machela. Msikitini watu walijitenga naye, na aliyemwamkua alimwamkua kwa mbali. Sheikhan akaacha kumtania, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku moja Muhdhar alimtazama mzee mmoja akitolewa nyumbani kwake huku wapagazi wakibishana nani ashike mbele, na daktari akisema kesi hii, kesi ile. Muhdhar akalisikia lile neno lake, na maana zote tatu zikamwangukia kwa pamoja: mzee wa watu anabebwa kama shehena, tena amekwisha hukumiwa bila kusikilizwa. Aliona aibu kubwa. Tangu siku hiyo akawa anauliza mara moja tu. Wakisema hatujambo, yeye huyo nyumba ya pili. Daktari alifurahi kuona kazi inakwenda mbio.

Ndipo wakafika mtaa wa Ndia Kuu, kwa Mahfudha, dadake Muhdhar, ambaye ni bibi yangu mzaa mama. Mumewe alikuwa safarini Lamu, nyumbani hamna mwanamume.

"Hodi! Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo, alhamdulillahi," akajibu Mahfudha.

Muhdhar aliijua sauti ile tangu utotoni, na aliisikia kwamba imechoka. Akasita. Akamfikiria Afaf, binti mkubwa wa dadake, ambaye posa yake ilikuwa imekubaliwa majuzi tu, akitolewa mbele ya mtaa mzima na kuitwa neno lile. Moyo ukamshinda.

"Hawana mgonjwa," akamwambia daktari, wakaenda zao.

Humo ndani Afaf alikuwa kitandani, homa imempanda na uvimbe umemtoka kwapani. Ijumaa haikumkuta hai. Mama yangu, aliyekuwa mdogo wake na akilala naye kitanda kimoja, aliumwa baada yake, akaponea chupuchupu.

Mji ukamsamehe Muhdhar upesi, kwa kuwa sasa alikuwa mfiwa kama wao. Sheikhan alimshika mkono mazikoni, akalia naye. Muhdhar alikuwa na huzuni, tena nyingi, lakini alijipa moyo kwamba mtoto amefia kwao na ameoshwa na mamake. Baada ya kisomo cha khitma akaitwa ndani. Mahfudha alikuwa ameketi juu ya mkeka, macho makavu.

"Tumemsitiri, dadangu," akasema Muhdhar. "Hakutolewa mbele za watu. Nalitaka hilo tu."

Mahfudha akauonyesha mlango kwa kidole.

"Nalikuwa nimesimama nyuma ya mlango," akasema. "Buibui nimeshavaa. Nguo zake nimeshazifunga, nende naye huko kambini. Nalikungoja uulize tena, kakangu. Mbona hukuuliza tena?"

Kazi ya ukalimani aliiacha siku ile ile. Mimi nilimkuta mzee, na kila akiambiwa hatujambo, aliuliza tena.