Mkia Ambao Sikuuzika

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu pale Bugarama, mpakani na Kongo, ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga, na ndege walinidharau sana. Nilikuwa msichana mwembamba hivi kwamba wengine walitaka kutua begani mwangu. Hapo naongeza chumvi, lakini kidogo tu.

Kwenye matuta ya mashamba waliishi mijusi wa majani, wembamba kama penseli, mkia mara mbili ya mwili. Asubuhi walijianika juani, kimya, mpaka mwili upate moto. Ndipo walipoanza kuwinda panzi. Ukimshika mmoja, anakuachia mkia na kwenda zake, na mkia unabaki ukirukaruka kana kwamba haujapata habari.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na sheria moja juu ya mkia huo: uzikwe ungali unatikisika. Ukitulia bila kuzikwa, nyumba yenu itapungua mtu.

Siku moja ya kupalilia, mama akiwa na mimba kubwa, nilimshika mjusi, mkia ukabaki vidoleni. Wanawake walikuwa wamekaa wanakula mihogo. Basi mimi nikauweka juu ya mdomo, ukawa masharubu yanayocheza, nikatembea kama kapita, yule msimamizi wa shamba, tumbo mbele.

“Bamama, muko bavivu!”

Walicheka hadi kushikana. Mama aliwapita wote. Alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

“Uzike hiyo mukia!” bibi akapiga kelele. “Weye mutoto, uzike mbiyo!”

Lakini nani anaacha watu wakiwa bado wanacheka? Nilipoushusha, ulikuwa umetulia.

Kesho yake mama alijifungua mtoto wa kiume. Hakulia. Bibi hakunigombeza, aliniangalia mara moja, akageukia chungu chake. Afadhali angenichapa.

Nikaamua kumtafuta mjusi yule nimwombe radhi. Wiki nyingi nilipita matutani kila asubuhi, hadi nikamwona juu ya jiwe. Alikuwa ameota mkia mwingine, mfupi, mweusi, usio na mistari. Nikapiga magoti. Mama akanikuta hapo.

“Unatafuta nini hapa?”

“Mama, ni mimi nilimuua mutoto yetu.”

Nilimweleza yote. Akaketi kando yangu, na mjusi akakimbilia majanini.

“Mutoto aliacha kucheza mu tumbo siku mbili kabla ya ile mukia,” akasema. “Nilijua. Sikuambia muntu.”

“Sasa juu ya nini ulicheka vile?”

“Kama singecheka, ningelia mbele ya batu.”

Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama siku ile, na watu wananiita kwenye harusi zao niwachekeshe. Nawachekesha kweli. Lakini nikimwona mmoja anacheka kuliko utani wenyewe unavyostahili, namweka moyoni, na wengine wakienda kula, naenda kukaa karibu naye.