Dari Ambazo Sikuzichora

Mama yangu alikaa siku tisa bila kuniongelesha kwa sababu ya mabomba. Tulikuwa tunaishi nyumba moja, na chai ya asubuhi niliikuta mezani kama kawaida, imefunikwa kisahani. Lakini neno, hakuna. Nikimsalimia anaguna, anachukua mkoba wake na kwenda zake sokoni. Mimi naye tuna kichwa kigumu cha aina moja, na wote wawili tunajua nilikitoa wapi.

Kazi yangu ni kuchora mifumo ya kuzima moto ndani ya majengo makubwa. Yale mabomba mekundu yanayopita juu ya kichwa chako ukiingia supamaketi, yenye vinyunyizio vidogo kila baada ya hatua chache, kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu ya kila kimoja. Hapa Kisumu mara nyingi mtu huyo ni mimi. Kila kinyunyizio, au sprinkla kama mafundi wanavyokiita, kina kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likizidi, kimiminika kinatanuka, kioo kinapasuka, maji yanashuka. Kinapasuka kile kilicho penye joto, na vingine vinabaki vimenyamaza. Hili la mwisho nimelieleza mara nyingi sana, na watu hunitazama kana kwamba nawauzia kiwanja ndani ya ziwa.

Jengo lililotukosanisha lilikuwa ukumbi wa wauza nguo, ghorofa tatu, si mbali na ziwa, vibanda zaidi ya mia mbili. Watu waliokuwa wakitandaza bidhaa kando ya barabara wangehamia humo kabla ya Januari, msimu wa sare za shule. Mama alikuwa mmoja wao. Ameshona sare tangu kabla sijazaliwa, na walimu wakuu kutoka Pap Onditi hadi Kisian wanamjua kwa kola zake zisizolegea. Tena ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafanyabiashara wa ukumbi huo. Nilipopewa kazi ya kuuchorea mfumo wa kuzima moto, alichinja kuku.

Wiki tano kabla ya kufunguliwa, nilienda kupima presha. Tangi lilikuwa limejaa, pampu zote mbili zilinguruma vizuri, na mabomba yalishikilia presha saa mbili nzima bila kupoteza hata chembe. Nilikuwa napiga mluzi. Nikapanda ghorofa ya kwanza kuangalia vinyunyizio, nikainua macho, na sikuviona.

Kati yangu na vinyunyizio kulikuwa na mbao. Wafanyabiashara walikuwa wamekabidhiwa vibanda wiki iliyotangulia, na jambo la kwanza walilofanya, kabla hata ya kuleta kiti, lilikuwa kumwita seremala awajengee stoo ya juu: dari ya plaiwudi inayofunika kibanda chote, na ngazi ya kuegemeza, ili majora ya kitambaa na marobota yapangwe huko. Dari nzuri kuliko zote ilikuwa ya Mama. Yake ilikuwa imepigwa msasa.

Niliwakasirikia kwa kama dakika tano. Nani aliwaruhusu? Si wangeuliza? Halafu nikatoa mchoro wangu kwenye begi, nikautazama pale pale nikiwa nimesimama, na hasira yote ikanirudia mwenyewe. Nilikuwa nimechora vibanda vitupu. Kila mwuza nguo wa mji huu ana dari juu ya kibanda chake, kila mmoja, na hakuna asiyelijua hilo. Msanifu wa jengo alichora akiwa mbali, naweza kumsamehe. Mimi, mtoto wa mshonaji, niliyekulia kati ya majora, niliwachora watu wa soko kana kwamba wanauza hewa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwa maana hesabu ni rahisi. Moto ukianzia chini ya dari, kwenye cherehani au waya wa pasi, maji ya kinyunyizio kilicho juu yatapiga plaiwudi na kuteremka pembeni. Chini yake moto utaendelea kula nguo, mpaka kibanda cha jirani, mpaka kwenye ngazi ambazo watu wangezitumia kukimbia.

Nilimpigia simu mwenye jengo, akaja. Ni mtu mpole, anayependa mambo yaishe.

"Injinia, si ulisema hii kitu iko sawa?"

"Nilisema. Nilikosea."

Nadhani hakuwa amezoea kuambiwa hivyo. "Basi waambie watoe hizo mbao zao."

Niliwaambia. Jibu lilirudi kabla ya chakula cha mchana: hakuna anayetoa ubao. Na kusema kweli walikuwa na haki. Kibanda chenyewe ni hatua tatu kwa mbili. Ukiweka cherehani, meza ya kukatia na mteja mmoja mnene, kimejaa. Bila dari, mali ya Januari ingekaa wapi?

Ilibaki njia moja: kuteremsha bomba jembamba ndani ya kila kibanda na kuweka kinyunyizio kingine chini ya kila dari. Nilirudia hesabu siku tatu. Pampu zingeweza, kwa kuwa moto wa kibanda kimoja unafungua vinyunyizio vichache tu. Mwenye jengo alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Hao wamama wakikubali fundi aingie kwa kila kibanda, mimi nitanunua bomba. Wakikataa, tunafungua vile iko. Nitatafuta injinia mwingine aweke sahihi."

"Mimi siweki."

"Najua huweki. Basi ongea na mwenyekiti wao," akasema, akicheka kidogo, maana alimjua mwenyekiti vizuri.

Kwa hiyo watu mia mbili na kitu, na wateja wao, na watoto wanaoletwa kupimwa sare, wote walikuwa mkononi mwa Mama. Jioni hiyo nilimkuta sebuleni akikunja mashati. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nikamweleza polepole, hata karatasi nikachora. Alinisikiliza bila kuacha kukunja.

"Bomba ya maji ndani ya kibanda changu," akasema. "Juu ya shati nyeupe."

"Haitoi maji mpaka kuwe na moto, Mama."

"Na ile mfereji ya jikoni? Ulisema haitavuja tena. Inavuja, donge? Si inavuja?"

"Ile ni mfereji tu."

"Na hii ni nini? Si ni maji? Jirani akichoma mahindi, moshi ipande, nguo ya shule tatu iloe? Yawa!"

"Sio moshi, Mama. Ni joto."

Aliweka shati juu ya mengine, akalipangusa kwa kiganja. "Nyathina, mwanangu, ulikuja na karatasi ukasema umemaliza. Nikawaambia watu, mtoto wangu amemaliza. Sasa unasema hujamaliza. Nikuamini lini?"

Lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Na mimi nikichomwa huwa sina breki. Nikamwambia akitaka kuungua na mashati yake, shauri yake. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, nikiwa nimesimama, yeye ameketi. Siku zile tisa zilianzia hapo.

Kesho yake alikiita kikundi, wakapiga kura kwa kuinua mikono. Walikataa karibu wote. Niliomba msamaha asubuhi iliyofuata, akaguna. Niliomba tena jioni, akaguna vile vile. Nikaona hili la msamaha litachukua muda wake, lakini mabomba hayana muda. Zilibaki wiki nne.

Nilijifunga kibwebwe. Nilimwendea fundi mkuu wa mabomba, mzee wa Ahero aliyeunga vyuma tangu ujana wake, nikamweleza nilivyokwama. Alikuwa akinywa uji. Akaupuliza, akanywa, akapuliza tena.

"Madam, watu wa soko hawasomi drawing," akasema. "Wanaamini macho."

"Basi tuwachomee."

"Ee," akasema, kama mtu aliyekuwa akingoja nifike hapo mwenyewe.

Tulijenga vibanda viwili uwanjani nyuma ya ukumbi, kipimo kile kile, plaiwudi ile ile, dari ile ile. Seremala aliyejenga ya Mama ndiye tuliyemwita, na nilimwambia asibadilishe hata msumari. Juu ya kila kibanda tulisimamisha fremu ya chuma yenye kinyunyizio, pale ambapo mchoro wangu wa kwanza ulikiweka. Katika kibanda cha pili tuliongeza kimoja chini ya dari. Ndani tulitundika mitumba iliyokosa wanunuzi, vitambaa vya mapazia, mashati, na juu ya dari tukapanga marobota. Niliomba ruhusa ya kuchoma, nikaipata, na gari la zimamoto likaahidi kusimama pembeni. Tulipanga iwe asubuhi, maana mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma hauelewani na mtu.

Mwaliko wa Mama niliupeleka mwenyewe. Nilimkuta mlangoni akivaa viatu.

"Kesho saa tatu," nikamwambia. "Njoo uone kosa langu mbele ya watu."

Hakuguna hata kuguna. Alifunga kamba ya kiatu, akaondoka. Nilidhani haji.

Alikuja. Alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, na kikundi chake chote nyuma yake. Mwenye jengo naye alikuwepo, akitazama saa. Moto wenyewe sikuuogopa. Niliogopa kwamba jambo lingekwenda ovyo, kioo kikatae kupasuka, nami nibaki nimesimama hapo na kiberiti.

Fundi aliwasha pazia la kibanda cha kwanza, chini. Moto ulipanda polepole, kisha ghafla haukuwa polepole tena. Ulifika kwenye dari, ukajitandaza chini yake, ukatoka mbele na kuinuka. Tulingoja. Mtu akacheka nyuma: "Sprinkla imelala!" Ndipo kioo cha juu kikapasuka, na maji yakamwagika kwa nguvu.

Watu wakapiga makofi. Sikutegemea hilo. Walipiga makofi, wengine vigelegele, na mwenye jengo akanigeukia kwa uso uliosema, si inafanya kazi? Nilimwonyesha kwa kidole ndani ya kibanda. Maji yalipiga plaiwudi kwa kelele, yakateremka pande zote za kibanda kama kwenye paa la mabati wakati wa mvua. Na ndani, nyuma ya hayo maji, mashati yaliendelea kuwaka moja baada ya jingine. Makofi yalififia. Yalipokwisha kabisa tulikuwa tunasikia maji juu na moto chini, vyote kwa wakati mmoja. Dari ikaanza kupinda katikati. Ilipovunjika, mizigo ya juu ikaangukia motoni, na wazimamoto wakaingia na mpira wao.

Nilimwashiria fundi awashe cha pili.

Moto ulipanda vile vile, pazia lile lile. Ulifika chini ya dari, na kabla haujajitandaza kioo kikapasuka. Kinyunyizio kimoja. Maji yakaangukia palipokuwa panawaka, moto ukakohoa moshi mweupe, ukazima. Kile cha juu hakikutoa hata tone. Fundi alifunga valvu, akavua kofia, akajipangusa uso. Watu waliendelea kutazama kana kwamba kuna sehemu nyingine inakuja.

Mama alitembea mpaka kwenye kibanda hicho akaingia. Maji yalikuwa bado yanadondoka. Alishika shati moja lililokuwa limetundikwa ukutani, mkono mmoja umeungua, sehemu nyingine zote nzima, akalitazama nje na ndani kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi wake. Akainua macho, akaitazama dari kwa muda mrefu. Nikamfuata ndani. Nakiri kwamba nilitaka aseme niko sahihi. Siku tisa nilikuwa nimeingojea sentensi hiyo, na nilikuwa nimeshaamua hata nitakavyojibu kwa upole.

Alitoa kichwa nje ya kibanda. "Fundi!" akaita. "Keshokutwa uanze na yangu. Halafu hao wengine, mstari kwa mstari. Mwenye anakataa, aniambie mimi." Hakuna aliyekataa.

Kisha akarudi ndani, akaweka kiganja juu ya plaiwudi iliyolowa, juu ya kichwa chake, na kukiacha hapo.

"Ukiwa mdogo nilikuwa nakulaza hapa juu," akasema. "Kwa stoo kama hii. Kabla hujajua kutembea. Nashona, wewe umelala juu ya majora, na taa ya mafuta iko hapa chini kwa mashine."

Sikuwahi kulijua hilo. Maji yalikuwa yanamteremkia mkono mpaka kwenye kiwiko, nami nikamshika.

"Nilikuwa natoa ngazi, usiitambalie," akasema. "Nilikuwa naogopa uanguke tu."