Kufuli la Babu kwenye Swichi Kuu

"Babu, kwenye yale mabunda mlikuta nini?"

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, nimekaa juu ya kapu la nguo huku Babu anapiga pasi sare zangu za shule. Hakuacha kazi. Alinyunyiza maji kwenye kola, akaikandamiza pasi mpaka mvuke ukapanda, akasema, "Subiri kwanza."

Hilo ndilo lilikuwa jina lake. Kiwandani hakuna aliyemwita Mhandisi, walimwita Subiri. Bibi husema hata siku alipomwambia ndiyo, nakubali unioe, yule bwana alimjibu "subiri kwanza", akaenda kuegesha baiskeli vizuri isianguke, ndipo akarudi kufurahi.

Tumemzika mwezi uliopita. Kwenye mazishi nilisikia watu wakijibu lile swali langu, kila mmoja na lake, wote wakimsifu. Mimi sitaki asifiwe kwa mambo ya kubuni. Naandika nilivyosimuliwa na Bibi, na mama, na mwisho yeye mwenyewe.

Babu alikuwa mhandisi wa tanuri kwenye kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza nondo. Niliwahi kupelekwa kuliona tanuri kama lile. Linanguruma mpaka unasikia kwenye magoti, na chuma kikimiminwa kinang'aa kiasi kwamba nilitaka kukimbia na kubaki kwa wakati mmoja. Babu alishinda mbele ya kitu hicho, na mchana akapanda baiskeli kwenda kula nyumbani na watoto wake. Mkurugenzi hakupenda. Wahandisi wenzake walikula kantini. Yeye alisema chakula kisicho na kelele za watoto hakishuki.

Na kupiga pasi hakumwachia mtu. "Pasi ni joto na uzito," alisema, "na hayo ndiyo niliyosomea. Bibi yenu amesomea hesabu, mwacheni asahihishe madaftari."

Sasa, pale kiwandani kulikuwa na sheria moja ambayo haikuhitaji mlinzi. Anayeingia ndani ya mashine kutengeneza huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na kuingia na ufunguo mfukoni. Ukiona kufuli, ujue kuna mtu ndani. Halikatwi na mtu mwingine, hata awe nani.

Siku moja yakaja mabunda. Zamani vyuma chakavu vilikuja vimelegea, unaona kila kipande. Haya yalikuwa yameshindiliwa na mashine, kila bunda kubwa kama friji, na huwezi kujua kilichomo katikati. Tena yalikuwa yamelala uwanjani na mvua ilikuwa imenyesha.

"Maji yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka hayatafuti mlango," Babu alikuwa akituambia. "Yanautoboa." Na mtungi uliozibwa ni hivyo hivyo. Unalipuka, na chuma cha moto kinawarukia waliosimama mbele.

Akataka kila bunda lipasuliwe kwanza. Mkurugenzi akashuka kutoka ofisi yake ya juu, ile yenye kioo, akasema hakuna muda wa kufungua zawadi, tupieni ndani.

Babu hakubishana. Alimimina chuma chote kilichokuwemo tanurini kisije kikagandia ndani, akazima umeme, akalifunga kufuli lake kwenye swichi kuu, akapanda baiskeli akaenda kula.

Mkurugenzi akamwita dereva wa winchi, pande la mtu lenye sauti ndogo.

"Leta msumeno. Kata hilo."

"Bosi, kuna mtu ndani."

"Mtu gani? Nimemwona kwa macho yangu anatoka getini na baiskeli!"

"Kufuli linasema yumo."

"Unamsikiliza nani, mimi au kufuli?"

"Bosi, usinikasirikie. Kufuli ndilo limenifikisha umri huu."

Akauliza wa pili, akauliza wa tatu. Kila mmoja akatazama buti zake. Basi mkurugenzi akaingia kwenye gari mpaka nyumbani kwa Babu, nyumba ya kampuni, akapitia mlango wa jikoni bila hodi. Mama alikuwa bado hajaanza shule, na anachokumbuka ni viatu vinavyong'aa vikisimama karibu na meza.

"Nipe ufunguo."

"Siwezi," Babu akasema. "Niko ndani ya tanuri."

"Uko mezani! Una kijiko mkononi!"

Mjomba, ambaye alikuwa mvulana wa shule, akapasuka kicheko. Bibi akamfinya.

"Pasua mabunda, nami nitatoka," Babu akasema.

"Na hii nyumba unamolaza wanao ni ya nani?"

Babu akamtazama Bibi. Bibi akavuta kiti kilichokuwa wazi.

"Bwana mkurugenzi," akasema kwa sauti yake ya darasani, "ama ukae ule, ama uondoke tule."

Akaondoka. Mchana ule mabunda yakapasuliwa, Babu akarudi akayakagua yote, akafungua kufuli lake, tanuri likawashwa. Ijumaa akapewa barua ya kufukuzwa. Mwisho wa mwezi vitu vyao vilikuwa barabarani.

Walihamia vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Mjomba, aliyekuwa na chumba chake chenye dirisha, akawa analala koridoni, na kila anayekwenda msalani usiku anamkanyaga. Babu akawa anachomelea mageti. Watu wakapita wakisema, jamani, mhandisi mzima! Naye anawajibu bila kuvua miwani ya kuchomelea, "Geti nalo ni chuma. Lako limepinda, lilete." Na jioni alitoa meza ya pasi nje, mbele ya hao hao waliomcheka, akanyoosha sare za wanawe mpaka mikunjo ikasimama. Miaka ikapita ndipo kiwanda kingine kikamchukua. Kwenye usaili walimuuliza kwa nini alifukuzwa kule. "Niliwachelewesha," akasema.

Lakini kwenye mabunda walikuta nini? Mama alisema mtungi wa gesi. Mjomba alisema bomu la vita. Mimi kila mwaka nilimuuliza mwenyewe, na kila mwaka nikaambiwa nisubiri.

Mwaka jana Mjomba alikuja na wageni kutoka kazini kwake. Babu alikuwa amekonda, amekaa na blanketi magotini. Mjomba akaanza kusimulia, na bomu sasa lilikuwa limefikia urefu wa mlango. Nikaona Babu anaangalia pembeni. Nikasogeza kigoda.

"Babu, nimekua sasa. Mlikuta nini?"

"Wewe mtoto husikii?" Mjomba akasema. "Si nimesema, bomu."

"Hatukukuta kitu," Babu akasema.

Mjomba akacheka peke yake, kisha akaacha. "Unasemaje, Mzee?"

"Milango ya magari na mabati. Makavu mpaka katikati. Hakuna mtungi, hakuna maji. Mkurugenzi alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikafungua kufuli langu huku anacheka."

"Kwa hiyo mimi nililala koridoni kwa ajili ya mabati?"

"Ulilala koridoni kwa sababu sikujua kilichomo. Yeye naye hakujua. Ila yeye angekuwa juu kwenye kioo, na dereva wa winchi mbele ya tanuri, na mtoto wake alikuwa anasoma darasa moja na wewe."

Wageni wakatazama vikombe vyao. Nikauliza tena, maana mimi nikianza kuuliza siachi.

"Sasa mbona hukutuambia miaka yote?"

"Ninyi mlihitaji bomu ili mpate usingizi. Mimi sikulihitaji." Akalivuta blanketi, akamtazama Mjomba, si mimi. "Wakileta mabunda mengine kesho asubuhi, hata yawe makavu kama unga, nafunga tena."