Alama Aliyoonyesha Mzee Etabo

Kwa miaka kumi na tisa, maji ya mfereji wetu huku Ngaremara yalipita kwa mkono wa Mzee Etabo. Alizungusha gurudumu la chuma, lango likapanda, na sisi wa mwisho wa mfereji tukapata zamu yetu. Alikuwa na maringo, mzee huyo! Wageni wakija, mfereji ulikuwa wake, hata samaki ambao haukuwa nao. Shamba lake ndilo la mwisho kabisa, na tangu ukame umalize mifugo yake, hana kingine.

Mwaka jana mradi ulileta lango la kujiendesha. Lina boya kubwa: maji yakifika kiwango kilichowekwa, boya linainuka, lango linafunguka, yanayozidi yanateremka kwetu. Yasipofika, lango halifunguki, na wenye mashamba ya juu wanajichotea tu. Injinia, kijana mstaarabu, akauliza, "Mzee, wakati wa kiangazi maji hufika wapi?"

Etabo akaweka kidole kwenye alama ya matope kwenye ukuta wa mfereji, usawa wa kifua chake. "Maji yangu inafika hapa. Kila siku."

Hiyo ilikuwa alama ya mafuriko. Nilijua. Kiangazi maji hayampiti magoti. Lakini kwetu mzee hasahihishwi mbele ya wageni, basi nikanyamaza kama mjinga. Injinia akapima, akafungia mitambo ya boya ndani ya sanduku la chuma, akaondoka na ufunguo. Gurudumu la zamani likabebwa pia.

Mvua ilipoisha, lango likakataa katakata. Tukipiga simu tunaambiwa wiki ijayo. Huu mwezi wa tatu bado ni wiki ijayo.

Jana Elizabeth, mke wa Etabo, aling'oa vitunguu vyake vyote vilivyokauka, akawatupia mbuzi wa jirani. Nilimkuta akilia waziwazi, mumewe ameketi kando.

"Ekai, wewe ulikuwa hapo," akaniambia. "Nani alionyesha huyo injinia maji ifike pale juu?"

Etabo hakuinua macho. Nilimkasirikia mzee huyo, na nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

"Alipima mwenyewe, mama," nikasema.

Elizabeth akamlaani yule kijana na ukoo wake wote, kisha akatumiminia chai, mumewe na mimi.