Elia, Mpiga Zeze Wetu

Siku yangu ya kwanza katika kikundi cha sanaa, Singida, Afisa Utamaduni alinikabidhi sare ya kitenge, akaniambia, "Utaanzisha nyimbo, wenzako wataitikia. Na maneno yanatoka ofisini, binti, si kichwani mwako."

Aliyenifundisha kazi hasa ni mpiga zeze wetu, Elia, Mnyaturu wa Mgori. Kuvuta pumzi kutoka tumboni, kungoja zeze limalize zamu yake ndipo niingie, kutazama nyuso za akina bibi walioketi nyuma, maana nyumbani wao ndio waamuzi.

Ofisi ilitaka nyimbo za kilimo. Sisi wawili tukatunga ya lawalawa, yale maambukizi ya sehemu za siri za watoto wachanga ambayo wengi waliamini hutibiwa kwa kukeketa. Mdogo wake Elia, mtoto wa kike, alikeketwa hivyo, akavuja damu mpaka akafa, hata kukaa hajaweza.

"Mtoto hawezi kukataa," aliniambia. "Tumkatalie sisi mpaka aweze mwenyewe."

Kijijini Mitundu walitushangilia. Kintinku waliturushia mchanga. Tukaendelea, hata ofisi ikaukubali wimbo.

Kisha ikajulikana kwamba Elia anampenda mwanamume mwenzake, fundi cherehani wa mjini. Vijana wakampiga sokoni, wakamvunja vidole vya mkono wa kushoto, vile vya kubania nyuzi. Kikundi kikamfukuza. Nikaenda kwa Afisa.

"Shikamoo mzee. Elia amekosa nini?"

"Marahaba. Unajua."

"Tunawaambia watu mwili wa mtoto ni wake. Wa Elia ni wa nani?"

Hakunitazama. "Wimbo utaendelea, yeye hapana. Ukimtaja jukwaani, utamfuata."

Nilimtaja kwao, Mgori. Nikasema aliyetunga nami wimbo huu amepigwa kwa sababu ya kupenda, nami niko upande wake na wa wote walio kama yeye. Ngoma zikanyamaza. Nikaimba mpaka mwisho bila mwitikiaji hata mmoja. Wiki ileile nikafukuzwa.

Miaka iliyofuata niliimba shuleni, harusini, popote waliponikubali. Wengi walisema, "Mama, ya watoto imba, habari za yule mtu acha." Mara nyingi nilikataa. Siku nyingine, shida iliponibana, nilikubali, na hilo linaniuma kuliko kufukuzwa.

Vidole vya Elia havikukunjuka tena. Alipofariki tulimzika watu saba, na fundi cherehani alisimama mbali, asije akatuletea matatizo.

Sasa nimestaafu, sauti imekwisha. Juzi mama kijana alinijia na mtoto mgongoni.

"Shikamoo bibi. Nilipougua lawalawa utotoni, mama alinipeleka zahanati kwa sababu ya wimbo wako. Na huyu wangu hataguswa na wembe."

"Marahaba. Niliutunga na Elia."

Akainama. "Yule tuliambiwa alikuwa mtu mbaya."

Nikamsogezea kigoda. "Kaa, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mimi nilimfahamu."