Kikapu Kimoja

Kwetu Butembo mtu hasafiri bila blanketi lake, hata akienda kwa dada yake. Njia inaweza kufungwa, na mwenyeji anaweza kuwa amekimbia vita. Na mimi JavaScript yangu, msimbo unaoendesha tovuti, niliiandika hivyohivyo. Tovuti yetu iliuza samaki wa ziwani Kyavinyonge, na kila faili niliipa kikapu chake cha mnunuzi, isije ikategemea nyingine. Basi mama mmoja anachagua tilapia kwenye orodha, lakini chini ya ukurasa uleule, pa kulipia penye faili nyingine, anaambiwa kikapu ni kitupu. Nililaumu réseau, yaani mtandao, nikalaumu simu za wateja, nikamfokea hata paka.

Mwenzangu wa kazi, mwanamke anayeishi Beni, alisoma faili zote, kisha akanipigia.

“Dada, juu ya nini kila faili iko na kikapu yake? Tia kikapu mu moja tu, ile ifanye export, ipatie zingine. Zingine zifanye import, zichukue kule, zote zitaona kitu kimoja.”

“Na kama ile moja inaharibika?”

“Donc tutatengeneza ile moja. Ama unapenda tutengeneze yote?”

Nilifuta vikapu, nikabakiza kimoja. Samaki wakatokea pa kulipia. Namshukuru mpaka leo, maana hakunicheka.

Baadaye nilikwenda Beni kumtembelea. Nilibeba viazi, blanketi nikaliacha nyumbani. Alifungua mlango, akautazama mzigo wangu, akaona hamna blanketi, akauliza jambo moja tu:

“Unapenda kulala upande ya ukuta?”